Mtu Mlangoni mwa Mnara

Katika picha ile yumo mtu. Anayeitazama kwa mara ya kwanza huenda asimwone, kwa sababu jicho hukimbilia wimbi: mlima wa maji meupe umepanda nyuma ya mnara wa mawe, umeukumbatia kushoto na kulia, na pande zote mbili ziko mbioni kukutana mbele. Jicho likishashiba povu ndipo linaposhuka chini na kumkuta binadamu mdogo mno, amesimama mlangoni mwa mnara kama mwenye nyumba aliyetoka kuangalia ni nani anayebisha hodi.

Ilipigwa tarehe 21 Desemba 1989 na Jean Guichard, Mfaransa, akiwa ndani ya helikopta, katika bahari ya Bretagne, magharibi kabisa mwa Ufaransa. Mnara unaitwa La Jument, na umesimama peke yake juu ya mwamba nje ya kisiwa cha Ouessant. Mtu mlangoni ni Théodore Malgorn, mmoja wa watunza taa waliokuwa zamuni. Dhoruba ilikuwa imevunja madirisha ya chini, maji yakaingia na kufagia vyombo vyao, nao wakapanda kujihifadhi juu, kwenye chumba cha taa. Inasimuliwa kwamba Malgorn aliposikia mngurumo wa helikopta alidhani ni waokoaji. Akateremka ngazi zote zile, akafungua mlango.

Aliyekuwa angani hakuja kuokoa. Alikuja kupiga picha. Wimbi likapanda nyuma ya mnara, shata ya kamera ikafyatuka, na Malgorn, ambaye masikio yake yaliijua bahari ile kuliko macho yetu, akarudi ndani na kuufunga mlango kabla maji hayajamfikia. Alipona. Picha ikazunguka dunia.

Mimi niliikuta ukutani kwa kinyozi mmoja, Mjini Unguja, imepauka kwa jua la dirishani, upande huu picha ya Kaaba, upande ule kalenda ya mwaka uliokwisha kupita. Nilikuwa kijana mwenye kamera yake ya kwanza, nikajiapiza kwamba iko siku nami nitapata yangu: mnara, miamba na bahari iliyochafuka. Leo ninazo kadhaa. Ndizo zilizonikalisha kuandika haya, kwa sababu kila nikizitandaza mezani hujiuliza: pale pwani, upepo ukinipiga usoni na moyo ukidunda kwa furaha, nilikuwa nafurahia nini hasa?

Swali hili ni la kale. Lucretius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, aliligusa: mtu yuko nchi kavu anamtazama mwenzake akihangaika na bahari, na anahisi utamu fulani, ambao hautokani na mateso ya yule bali na kujijua kwamba yeye hayumo. Mwanafalsafa Edmund Burke akalichimba mwaka 1757, na mwanafalsafa Immanuel Kant mwaka 1790 akasema kwamba majabali yanayoning'inia, vimbunga na bahari iliyofura hutuvutia zaidi kadiri vinavyotisha zaidi, mradi sisi tumesimama mahali pa salama. Wahenga wetu nao walilijua jambo hilo kwa upande mwingine: aliye kando haangukiwi na mti. Kwa kawaida methali hiyo humshauri mtu asijitie kwenye la kumdhuru. Lakini nikiitamka nikiwa na kamera mkononi, inanigeukia. Haya, niko kando, mti hautaniangukia. Je, naruhusiwa kuutazama ukimwangukia mwingine, nikasema ni mzuri?

Kant hakukosea kuhusu utamu wenyewe. Kila aliyewahi kusimama juu ya jabali wakati wa kusi kali anaujua. Lakini katika hesabu yake wapo wawili tu, bahari na mtazamaji, na yote anayoyapima yanapita ndani ya mtazamaji. Picha ya La Jument inaiharibu hesabu hiyo, kwa kuwa ina mtu wa tatu, na huyo wa tatu ndiye aliyefungua mlango.

Kiswahili kinanisaidia hapa. Tunalo tendo moja, kuona, na kutoka ndani yake tunavuta mengine. Kuonekana, ambako ni kwa kitu kilichosimama tu. Kuonyesha, ambako ni kumpa mwingine kitu cha kuona. Kuonana, ambako huhitaji watu wawili na macho manne. Na liko lile la kutia hofu, kumwonea mtu, yaani kumdhulumu asiyeweza kujitetea. Wazee waliotuachia lugha hii waliiweka dhuluma jirani kabisa na jicho. Mpiga picha wa dhoruba hutembea kila siku kati ya maneno haya. Anaweza kuuona mnara. Anaweza kutuonyesha. Anaweza pia kumwonea aliyemo ndani, kwa kuifanya hofu yake kuwa pambo la ukuta wetu. Kinachoifanya picha ya Guichard isisahaulike, nijuavyo mimi, ni kwamba kwa nukta moja ilikuwa kuonana. Mmoja aliita kwa mngurumo bila kukusudia kuita, mwingine akaitika. Hodi ilibishwa na asiyetaka kuingia, ikajibiwa na mtu mwenye haja ya kutoka.

Simlaumu Guichard. Pasingekuwa na picha yake, ni nani kati yetu angejua kwamba watu waliishi namna ile ili meli zisivunjike? Na helikopta yake isingeweza kumchukua mtu pale.

Lakini lazima tuulize mnara ule ulifikaje mahali pale, maana hakuna mwashi anayejenga juu ya mwamba wa bahari ya wazi ili apate mandhari. Usiku wa tarehe 16 Juni 1896 meli ya abiria ya Kiingereza, Drummond Castle, ikitoka huku kwetu Afrika, kutoka Cape Town kwenda London, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Molène, jirani wa Ouessant. Ilizama kwa dakika chache. Waliokuwamo walikaribia 250. Waliopona ni watatu. Wanakisiwa, watu maskini wa samaki na mwani, waliziopoa maiti za wageni wasiowajua na kuzizika kwa heshima. Uingereza ikatoa shukrani zake: Molène wakapata birika la kuhifadhi maji ya mvua, Ouessant wakajengewa mnara wa kanisa.

Miaka michache baadaye, mkazi mmoja wa Paris, Charles-Eugène Potron, aliandika katika wasia wake kwamba faranga 400,000 zitumike kujenga mnara wa taa katika bahari hiyo mbaya, na kwamba usipokamilika ndani ya miaka saba, fedha ziende kwa chama cha kuokoa waliovunjikiwa na vyombo. Kazi ilianza mwaka 1904, taa ikawashwa mwaka 1911. Ile haraka ya kuwahi miaka saba iliuacha mnara na unyonge wake. Dhoruba za mwanzo ziliutikisa hata watunza taa wakahofu, na baadaye ukafungwa kwa nyaya nene za chuma zilizoshuka hadi ndani ya mwamba.

Hebu tuutafakari wasia huo. Marehemu anatoa mali yake kwa watu ambao hatawajua: mabaharia wa mataifa yote, wengi wao hawajazaliwa bado, watakaopita usiku na kuona mwanga na kugeuza usukani, kisha waendelee na safari bila hata kujua kwamba walikuwa karibu kufa. Hakuna atakayerudi kumshukuru. Sadaka ya mnara wa taa humfikia mtu kwa kumfanya asipatwe na jambo. Na jambo ambalo halikutokea, kamera haina namna ya kulipiga picha.

Watunza taa wa Ufaransa walikuwa na lugha yao ya kazi. Minara ya nchi kavu waliiita peponi. Ya visiwani waliiita toharani. Ile iliyosimama katikati ya bahari, mtu akizungukwa na maji pande zote, waliiita jehanamu. La Jument ilikuwa jehanamu. Ar-Men, upande wa kisiwa cha Sein, ilikuwa jehanamu. Huko Ar-Men ujenzi ulianza mwaka 1867, na katika mwaka mzima huo wavuvi wa Sein waliofanya kazi hiyo walifaulu kukanyaga mwamba mara saba tu, wakapata saa nane za kazi. Saa nane, mwaka mzima! Walilala kifudifudi juu ya jiwe, wamevaa mikanda ya kuelea, mkono mmoja umeshika mwamba na mwingine umeshika chombo cha kutobolea, huku mwenzao akiyalinda mawimbi na kupiga ukelele kila moja lilipokuja. Mnara ulikamilika mwaka 1881. Nikiutazama leo katika picha za dhoruba, za kupendeza kweli, siwezi tena kuuona kama jiwe linaloshindana na maji. Naona mikono.

Sasa nirudi kwenye kamera, kwa kuwa inayo mambo yake, na ndani ya mambo hayo nimeikuta sehemu ya jibu langu.

Mpiga picha wa mawimbi ana uamuzi mmoja mkubwa: muda ambao shata itakaa wazi. Ukiipa sehemu ya elfu moja ya sekunde, wimbi linakuwa jiwe. Kila tone linasimama hewani limechongoka kama kioo, na mtazamaji anaona nguvu. Ukiifunga kamera juu ya stendi ya miguu mitatu na kuiacha shata wazi sekunde 30, mawimbi mengi yanapandana, bahari inageuka maziwa au ukungu unaozagaa miguuni mwa miamba, na mtazamaji anaona utulivu. Pwani ni ile ile, saa ni ile ile. Nimefanya yote mawili jioni moja, na watu wakanisifu kwa picha zote mbili bila kujua kwamba ni bahari moja. Aliyekuwa ndani ya chombo jioni ile hakuona lolote kati ya hayo. Kwake bahari haikuwa jiwe wala maziwa. Ilikuwa wimbi, na baada yake wimbi, na baada yake wimbi.

Taa nayo ina muda wake. Hili nililijua nikiwa nimechelewa, na lilinigusa kuliko yote. Kila mnara una mwendo wake wa kumweka, na huo ndio jina lake. La Jument humweka mwekundu mara tatu, kisha hunyamaza, na duru nzima ni sekunde 15. Baharia akiona mwanga hana haja na uzuri wake. Anahesabu. Moja, mbili, tatu, giza. Katika giza lile anaendelea kuhesabu, kwa kuwa giza ni sehemu ya jina: wangeweka taa isiyozimika, asingejua ni mnara upi, wala kama ni mnara au ni dirisha la nyumba. Sasa chukua kamera yako. Ukipiga kwa shata ya haraka, huenda ukaikuta taa imezima, ukatoka na picha ya mnara usio na mwanga. Ukiiacha wazi sekunde 15, mimweko mitatu inamezwa kuwa mng'ao mmoja mkubwa, unaopendeza sana, na mnara umekuwa bubu. Hakuna picha mnato inayoweza kusema neno ambalo mnara ulijengwa kulisema. Neno hilo liko ndani ya muda, na linamtaka mtu anayengoja.

Nilifundishwa hayo na mzee mmoja wa Mbweni, kabla sijayasoma popote. Ilikuwa Julai, kusi limeshika, na mimi nimesimama ufukweni nimeielekeza lenzi ndefu upande wa Chumbe. Mnara wa Chumbe ulijengwa na Waingereza mwaka 1904 juu ya kisiwa kidogo cha matumbawe, kusini-magharibi mwa mji wa Zanzibar. Msafiri wa boti kutoka Dar es Salaam akiuona ule mnara hujua kwamba amekaribia nyumbani, na waliokuwa wakitapika huanza kunyanyua vichwa. Pembeni mwa mnara pana msikiti mdogo uliojengwa kwa ajili ya mtunza taa na jamaa zake. Huwa nawaza jua likichwa pale, mtu mmoja na kazi mbili za saa moja: kuwasha taa na kusimama kuswali Magharibi, moja kwa ajili ya walio baharini wasiomjua, nyingine kwa Mola anayewajua wote.

Siku ile nilikuwa nafuta chumvi kwenye lenzi kwa mara ya kumi, mzee akaja na wavu begani. Nikamwamkia, akaitika.

"Mwanangu, wapiga nini huko?"

"Mnara wa Chumbe, mzee wangu."

"Mchana huu?"

"Naam. Bahari ilivyochafuka leo, picha inatoka nzuri."

Akautazama mnara, akanitazama mimi. "Mchana ule ni mawe tu," akasema. "Ukitaka kuuona, uwe ndani ya chombo, usiku, hujui uko wapi. Hapo utauona."

Nikadhani amemaliza. Akaushusha wavu, akaelekeza kidevu baharini. "Na Skagit ilizama mchana. Hapo hapo."

Hakusema zaidi, wala haikuhitajika. Hakuna mtu wa Unguja asiyeikumbuka tarehe 18 Julai 2012, boti ya MV Skagit ilipopinduka karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam, ndani ya upepo wa msimu ule ule niliokuwa nausifu. Hata mwaka ulikuwa haujatimia tangu MV Spice Islander izame upande wa Nungwi, Septemba 2011. Tulizika watu wetu mara mbili. Wako ambao hawakupatikana, na mama zao hadi leo hawalipendi kusi likivuma. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya mchanga huo na kusema kwamba inatoka nzuri.

Niliishusha kamera siku ile. Kwa muda niliona haya kuigusa. Baadaye nilirudi, na sitaki msomaji adhani kwamba nilirudi kwa kuwa nimesahau. Kukataa kuutazama uzuri wa bahari iliyochafuka kungekuwa uongo pia. Mzee yule mwenyewe, kabla ya kuondoka, alisimama kitambo akilitazama povu likiruka juu ya mwamba, na uso wake haukuwa wa chuki. Aliijua bahari kwa njia ambayo humruhusu mtu kuiogopa na kuistaajabia kwa pumzi moja. Tofauti yake na mimi ilikuwa kwamba katika kutazama kwake walikuwamo watu. Katika kutazama kwangu palikuwa na maji na mawe.

Hapo ndipo nilipoiona maana niliyokuwa naitafuta. Wimbi halina maana. Linatoka mbali, linavunjika, halikukusudia kumtisha mtu wala kumpendeza. Mnara ndio wenye maana, kwa sababu kila jiwe lake liliwekwa na mtu kwa ajili ya mtu mwingine asiyeonekana. Mpiga picha anayeuchukua mnara ndani ya dhoruba anasimama katikati ya mazungumzo ya wengine: yule aliyewasha na yule anayehesabu gizani. Picha yake itakuwa na maana kadiri anavyokumbuka kwamba maneno hayo hayakuelekezwa kwake. Akisahau, hata awe na lenzi ya bei gani, ataleta nyumbani mawe na povu.

Siku hizi nafika pwani kabla jua halijachwa, na sipigi picha ya kwanza mpaka taa iwake. Naihesabu. Nahesabu tena. Mara nyingi kuna chombo kinachopita mbali, boti au jahazi au ngalawa iliyochelewa, nami nangoja kipite salama kabla ya kufungasha, ingawa kungoja kwangu hakuwasaidii chochote waliomo. Nyuma ya kila picha ya mnara naandika kwa kalamu mwendo wa mimweko yake, ili atakayeitundika ajue kwamba alichonacho ni nusu ya kitu.

Picha ya kwa kinyozi haiwezi kupigwa tena. Mwaka 1991, chini ya miaka miwili baada ya dhoruba ile, La Jument iliachwa ijiendeshe kwa mitambo, na watunza taa wakashuka. Helikopta ikizunguka leo, mlango hautafunguliwa. Lakini usiku huu, nje ya Ouessant, taa itamweka mwekundu mara tatu, itanyamaza, itamweka tena, kila sekunde 15, na mahali fulani gizani yuko nahodha anayehesabu.